PCOS: vivimbe ambavyo si vivimbe

Mtoto wa kaka yangu, binti wa miaka 22 anayesoma chuo Dodoma, alinitumia picha ya karatasi ya altrasaundi saa tano usiku. Chini yake ameandika: "Shangazi shikamoo. Nina vivimbe 12 upande mmoja na 14 upande wa pili. Wanapasua vyote kwa siku moja au kidogo kidogo?"

Nilipofungua kundi la ukoo nikakuta mama yake ameshaitupa picha hiyo huko na mashauri yameshatolewa. Mama mdogo kasema ni chango. Mwingine kasema ni vidonge vya uzazi wa mpango vimemharibu, wakati binti mwenyewe hajawahi kumeza hata kimoja. Wa tatu kaleta tangazo la chupa ya mizizi, "huyeyusha uvimbe, husafisha kizazi, huzibua mirija", dozi ya siku 21.

Nikamjibu binti: marahaba, hakuna wa kukupasua, kwa sababu hivyo ulivyohesabiwa si vivimbe. Akaniuliza, kama si vivimbe, mbona vimeandikwa hivyo? Swali lake ndilo limenikalisha kuandika, maana maneno mengi yanayosemwa kuhusu PCOS, hali ya homoni inayovuruga ovari na siku za mwanamke, ambayo ndiyo aliyo nayo binti huyu, saluni na mtandaoni, yamezaliwa na jina lenyewe.

Herufi hizo nne ni za Kiingereza, polycystic ovary syndrome, na wengi huzifasiri kuwa ovari zenye vivimbe vingi. Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliandika habari za wanawake saba waliokuwa hawaoni siku zao, ovari zimekuwa kubwa na zimejaa vifuko. Wakawapasua, wakakata kipande cha ovari kama mtu anavyokata kipande cha tikiti, na siku za wanawake wale zikarudi. Tangu hapo macho ya wengi yakabaki kwenye ovari. Mwaka 2012 jopo la wataalamu lililoitishwa na taasisi ya taifa ya afya ya Marekani lilisema wazi kwamba jina hili linapoteza watu na lafaa kubadilishwa. Nadhani walichelewa kusema.

Sasa hivyo vifuko ni nini? Ovari ni viungo viwili, kila kimoja kama zambarau nono, na ndani yake mna vifuko vidogo vya majimaji, kila kifuko kimebeba yai changa. Mwanamke yeyote anavyo. Kila mwezi kundi la vifuko huanza kukua, kimoja kikawatoka wenzake, kikapevuka, kikapasuka na kuachia yai. Vilivyobaki husinyaa.

Chukua mwembe wa uani ambao maembe yake yakifika ukubwa wa kidole gumba yanasimama hapo hapo. Hayaivi, hayaanguki, na mengine yanazidi kutoka. Mpita njia atasema mti umezaa kupita kiasi. Mwenye shamba hatapanda kuyachuma moja moja akitegemea mwembe utapona. Atauliza mizizi inapata nini. Vifuko 12 na 14 vya binti yetu ni maembe machanga. Vina milimita chache tu, havigeuki saratani, na haviizibi mirija, kwa sababu mirija ni kiungo kingine kabisa. Wala visichanganywe na mayoma, ule uvimbe unaoota kwenye nyama ya kizazi.

Kwenye mizizi ndiko kuna habari yenyewe, na huko tunamkuta mtu ambaye wengi humjua kwa wagonjwa wa kisukari: insulini.

Ukila ugali, sukari inaingia kwenye damu. Kongosho hutoa insulini, ambayo kazi yake ni kupiga hodi kwenye seli za mwili ili sukari ifunguliwe mlango. Kwa wanawake wengi wenye PCOS, wanene kwa wembamba, wenye nyumba hawa ni wazito wa kusikia. Hodi moja haitoshi, kongosho hutuma wapiga hodi watano, kumi. Mwishowe mlango unafunguliwa, sukari inaingia, na ukipima asubuhi kabla ya kula unaambiwa uko salama. Lakini mtaa mzima una kelele. Na yuko jirani mmoja, ovari, ambaye masikio yake hayana kasoro hata kidogo. Anasikia kila hodi na kudhani anaitwa yeye, na katika kuitika hutengeneza homoni za kiume.

Homoni za kiume, androjeni kwa jina la kitaalamu, kila mwanamke anazo kidogo. Zikizidi ndipo mambo haya yote yanayoonekana hayahusiani yanapoanza: vifuko vinasimama njiani, yai halitoki, siku zinapotea, vinyweleo vya kidevuni vinakuwa ndevu, chunusi zinakataa kuondoka hata baada ya ujana, na utosini nywele zinapungua mpaka msuko unaonyesha ngozi. Ubongo nao una mkono wake, maana ishara zake kwa ovari huenda haraka kuliko kawaida na kuichochea zaidi. Mambo haya hutembea kwenye familia. Mara nyingi ukiuliza vizuri unakuta shangazi mmoja aliyekuwa akiona siku mara tatu kwa mwaka, na baba mwenye kisukari. Hakuna aliyerogwa.

Na si jambo la wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya wanawake 100 walio katika umri wa kuzaa, 10 hadi 13 wanayo, na hadi asilimia 70 ya walio nayo hawajui.

Kuitambua hakuhitaji vipimo vya kumaliza mshahara. Tangu mkutano wa wataalamu uliofanyika Rotterdam mwaka 2003, daktari hutafuta mambo mawili kati ya matatu: siku zisizo na mpangilio, dalili au kipimo cha homoni za kiume kuzidi, na ovari zenye vifuko vingi. Ukiwa na mawili ya kwanza, hata altrasaundi si lazima. Binti yetu anaona siku mara nne kwa mwaka na ana ndevu. Jibu lilikuwepo kabla ya kulipia picha. Picha yenyewe isingetosha kuthibitisha, kwani kwa mashine za siku hizi mwongozo wa kimataifa umepandisha hesabu kutoka vifuko 12 hadi 20 kwa kila ovari. Tena msichana ambaye hajatimiza miaka 8 tangu avunje ungo hapaswi kupewa jina hili kwa picha, maana ovari za umri huo kwa kawaida huwa na vifuko tele. Kinachopaswa kufanywa kabla ya yote ni kuondoa wanaofanana nayo: mimba, tezi ya thairoidi, na homoni ya maziwa iitwayo prolaktini. Vipimo vya damu vya hayo ndivyo ningevilipia kwanza.

Tuje kwenye kuishi nayo.

Siku zinapokosekana, jambo la kwanza utakaloambiwa na wakubwa ni kwamba damu chafu imejaa tumboni. Haiko hivyo. Damu ya hedhi haina uchafu na haihifadhiwi mahali. Kinachotokea ni kwamba ukuta wa ndani wa kizazi huota kila mwezi kama nyasi, na yai likishatoka hutokea homoni ya pili, projesteroni, inayousimamisha, na baadaye ikishuka ukuta huanguka. Yai lisipotoka, projesteroni haiji, na nyasi zinazidi kurefuka. Ndiyo maana mwanamke huyu anaweza kukaa miezi minne kavu, kisha akatokwa damu wiki tatu mfululizo mpaka akapungukiwa. Ukiachwa hivyo miaka mingi, ukuta huo unaweza kuota vibaya na kuelekea saratani. Kwa msichana hatari hiyo ni ndogo, ila ipo, na kinga yake ni nyepesi kiasi cha kuudhi ukifikiri ni wangapi hawajaambiwa: usipitishe miezi mitatu bila kuona siku. Zikigoma, pima mimba kwanza, kisha daktari atakupa vidonge vya projesteroni vya siku chache, ukivimaliza damu inatoka. Au atakupa vidonge vya uzazi wa mpango, ambavyo huulinda ukuta huo na kupunguza homoni za kiume kwa pamoja.

Hapo ndipo mama mdogo hupandisha sauti. "Vidonge hivyo hivyo ndivyo vinavyoharibu kizazi!" Ninajua dhana hiyo inakotoka. Msichana ana siku za kuruka tangu ana miaka 16. Akifika 20 anaanza vidonge, na kwa kuwa vidonge vyenyewe huleta damu kila mwezi, anaona mambo yametulia. Akifika 27 ameolewa, anaviacha, siku zinaruka tena. Atalaumu nini? Vidonge. Lakini PCOS ilikuwepo tangu darasa la kidato cha tatu, vidonge viliifunika tu kama zulia. Vina masharti yake, hasa kwa anayevuta sigara, mwenye presha, mwenye kipandauso chenye kuona vimulimuli, au aliyewahi kuganda damu mguuni, na hayo daktari anapaswa kuyauliza. Kuua kizazi si mojawapo.

Ndevu sasa. Baada ya korona, wenzake wote walipovua barakoa, binti yetu alibaki na yake kama miaka miwili hivi. Sisi tukadhani anaogopa ugonjwa. Kumbe kila alfajiri alikuwa anasimama dirishani na kibano na kioo kidogo cha poda, mwanga ukiwa umetoka upande mmoja, aking'oa moja moja kabla ya wenzake wa chumbani kuamka. Kidevu kimejaa alama nyeusi za vipele. Nilipomwuliza kwa nini asinyoe, akanijibu kile ambacho sisi wote tumefundishwa: ukinyoa zinarudi nene.

Hazirudi nene. Wembe hukata ncha, na unywele uliokatwa hutoka ukiwa butu, kwa hiyo ukiugusa unakwaruza. Mzizi ulio chini ya ngozi haujui kama umenyolewa. Kwa ngozi zetu zenye nywele za kujikunja, kung'oa kwa kibano mara nyingi ndiko kunakoleta vipele, maana unywele mpya huota ukiwa umejikunja ndani. Uzi wa watinda nyusi, waksi, au sukari ya ndimu iliyochemshwa ni hiari ya mtu na ustahimilivu wake. Leza hupunguza kwa muda mrefu, mradi iwe ya aina inayofaa ngozi nyeusi. Isiyofaa itakuachia madoa mabaya kuliko ndevu.

Ipo pia krimu ya kupaka usoni yenye dawa iitwayo eflonithini, na siwezi kuipita bila kusimulia kisa chake. Dawa hiyo kwa sindano iliwafufua wagonjwa wa malale, wale wa aina inayopatikana Congo na kaskazini magharibi mwa Uganda, hata ikapachikwa jina la dawa ya ufufuo. Miaka ya 1990 utengenezaji wake ukasimamishwa, kwa sababu mgonjwa wa malale hana fedha. Halafu ikagundulika kwamba inapunguza kasi ya ndevu za wanawake. Mwaka 2000 krimu yake ikaidhinishwa Marekani, dawa ikawa na soko tena, na mwaka uliofuata, baada ya kelele nyingi, kampuni ikakubaliana na Shirika la Afya Duniani kuitoa bure kwa malale. Ndevu za kina mama wa Marekani zilifanya kilichoshindwa kufanywa na maelfu ya wagonjwa vijijini.

Kwa dawa za kumeza, iwe vidonge vya uzazi wa mpango au spironolaktoni, subira ni miezi sita na zaidi, kwa kuwa unywele uliokwisha kuota lazima umalize maisha yake. Spironolaktoni haifai kabisa kwa anayeweza kushika mimba bila kinga, maana inaweza kudhuru mtoto wa kiume tumboni. Na ndevu zikija kwa ghafla, ndani ya miezi michache, pamoja na sauti kuwa nzito, hiyo ni habari nyingine. Wahi hospitali, huenda kuna uvimbe wa kweli unaomwaga homoni.

Shingo. Kuna weusi unaokaa nyuma ya shingo na kwapani, ngozi imekuwa nene kidogo, ukiipapasa ni kama mahameli. Mama wanasugua na dodoki, wanasugua na ndimu, wanamgombeza mtoto haogi vizuri. Kisha binti anahamia kwenye mkorogo. Weusi huo si uchafu. Ni zile hodi za insulini zikiamsha ngozi. Mkorogo hauutibu, na ukiwa na steroidi unaweza kukuongezea chunusi, ndevu na hata sukari. Weusi hupungua insulini ikitulia. Ukimwona mtoto wako na shingo hiyo, mpeleke akapimwe sukari.

Kuhusu uzito nitasema kwa hasira kidogo. Wanawake wengi wenye PCOS wamewahi kutoka kwa daktari na maneno mawili tu: "Punguza mwili." Ni kweli kwamba mafuta ya tumboni huongeza uziwi wa seli, na kwamba kupungua kidogo, kilo 4 au 5 kwa mtu wa kilo 80, huweza kurudisha siku. Lakini insulini nyingi yenyewe huamuru mwili uweke akiba, kwa hiyo huyu anapanda mlima ambao mwenzake mwenye lishe ile ile anautembea tambarare. Wapo pia wembamba kama fimbo wenye PCOS, na hao ndio hucheleweshwa kabisa, kwa kuwa hakuna anayewadhania.

Mlo maalumu wa PCOS haupo. Mwongozo wa kimataifa wa 2023 unasema hakuna lishe moja iliyothibitika kushinda nyingine. Kinachosaidia ni yale ya kawaida: dona badala ya sembe, kilima cha wali kipungue na maharage na mchicha viongezeke, soda na chai ya vijiko vinne vitoke mezani. Kutembea kwa haraka kama dakika 150 kwa wiki hufanya seli zisikie vizuri hata mizani isiposogea. Kwa hiyo anayetembea mwezi mzima na kukuta kilo ni zile zile hajapoteza muda wake.

Hofu ya kukosa mtoto ndiyo inayofunika nyingine zote. PCOS si ugumba. Inafanya yai lichelewe na kubahatisha, na hilo kwa kawaida lina dawa. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2014, lenye wanawake 750, lilionyesha kwamba waliopewa letrozoli walijifungua kwa asilimia 27.5, dhidi ya 19.1 ya waliopewa klomifeni, dawa ya zamani. Ukisoma karatasi ya letrozoli utakuta imeandikwa saratani ya matiti, na ya metifomini imeandikwa kisukari; wapo waliotupa dawa chooni kwa kudhani wamefichwa ugonjwa. Dawa ni zile zile, kazi ni nyingine. Letrozoli huamsha yai, metifomini huzibua masikio ya seli. Hiyo metifomini husumbua tumbo mwanzoni, basi imezwe na chakula na dozi ipande polepole.

Upande wa pili, kuna anayejiambia kwamba kwa kuwa haoni siku basi hawezi kushika mimba, na anaacha kinga. Yai likiamua kutoka halipigi hodi; linatoka kabla ya damu, na unajikuta mjamzito bila kujua wiki ngapi. Akishika mimba, awaambie kliniki mapema ana PCOS, maana kisukari cha mimba na presha humwandama zaidi. Na hao wanaosema ukizaa inaisha: siku zinaweza kunyooka, hasa ukikaribia miaka 40, lakini uziwi wa seli unabaki, na kisukari hakiulizi una watoto wangapi.

Kinachoniudhi ni kwamba msichana ambaye hajaolewa huambiwa "subiri ukiolewa utatibiwa", kana kwamba mwili wake ni wa mume mtarajiwa. Ukuta wa kizazi chake hausubiri ndoa. Wala moyo wake: sonona na wasiwasi huwapata wanawake wenye PCOS zaidi ya wengine, na mwongozo huo wa 2023 unataka daktari aulize habari hizo kama anavyouliza siku.

Binti yetu alipimwa mimba, thairoidi na prolaktini, akapewa projesteroni za siku 10. Siku ya nne baada ya kumaliza alinitumia neno moja: "Nimeziona." Tarehe ameiandika kwenye kalenda ya duka la nafaka iliyoko nyuma ya mlango wa chumba chao, kwa kalamu nyekundu. Jumatatu anakwenda kupima sukari, kile kipimo cha kulala bila kula, kunywa glukosi gramu 75 na kukaa saa mbili benchi. Ameniuliza kama anaruhusiwa kwenda na chapati mbili kwenye mkoba, za kula akishatolewa damu ya mwisho. Nimemwambia achukue moja, na yai la kuchemsha.